Duka Likikua kwa Kasi: Kazi za Biashara ya Mtandaoni na Njia ya Kwenda Bariadi

Duka la mtandaoni ni biashara ya rejareja ambayo mnunuzi wake huchagua bidhaa kwenye simu au kompyuta, huagiza bila kufika dukani, kisha huletewa alichoagiza au hukifuata mahali palipotengwa karibu naye. Na kwa kuwa haoni kaunta wala muuzaji, ni rahisi kwake kudhani kwamba kazi yote imefanywa na mitambo. Hali halisi ni kinyume chake, kwa maana biashara ya aina hii huendeshwa kwa mikono, miguu na sauti za watu, na kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali na ghala ndivyo watu hao wanavyozidi kuhitajika. Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, uliozaliwa mwaka 2012 na wenye wilaya tano za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2022, na ni mahali pazuri pa kuipimia kazi hiyo, kwa sababu udhaifu unaoweza kufichika Dar es Salaam hujitokeza waziwazi kifurushi kinapolazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bariadi mjini, na kutoka hapo kutafuta njia ya vumbi inayoelekea kijijini.

Maduka haya yana sura mbili. Yapo yanayonunua bidhaa yenyewe, yakazihifadhi na kuziuza kwa faida, na yapo yanayofanya kazi ya soko, yaani kuwapa wafanyabiashara wengine nafasi ya kuonyesha bidhaa zao kisha kukata kamisheni katika kila kinachouzwa. Mengi huchanganya yote mawili, na ndiyo maana ajira zake ni za namna nyingi kuliko watu wanavyofikiri: kuna wanaozunguka Kariakoo, eneo la biashara la Dar es Salaam, duka kwa duka kuwashawishi wenye mali wajiunge, kuna wanaopiga picha na kuandika maelezo ya kila bidhaa, kuna wapokeaji na wapangaji wa ghalani, wafungaji wa vifurushi, wapokea simu, madereva, na wahasibu wanaolinganisha fedha iliyokusanywa na oda zilizofikishwa. Mwandishi wa maelezo akikosea kipimo cha kiatu kimoja, kosa lake halionekani siku hiyo. Huonekana baadaye, kiatu kinaporudishwa kutoka Maswa na mpokea simu asiyehusika anapolaumiwa.

Kasi ya ukuaji ndiyo inayozigeuza kazi hizi kuwa tofauti na kazi za duka la kawaida. Oda zikiongezeka maradufu ndani ya miezi michache, utaratibu uliotosha mwanzoni huvunjika, na watu hulazimika kubuni mwingine huku kazi ikiendelea. Amazon ya Marekani, iliyofungua tovuti yake Julai 1995, inatoa mfano unaojulikana sana, kwani mwanzilishi wake, Jeff Bezos, amesimulia hadharani jinsi katika siku za mwanzo yeye na wenzake walivyofunga vitabu wakiwa wamepiga magoti sakafuni, akawaza kununua pedi za kukinga magoti, mpaka mwenzake mmoja alipopendekeza meza za kufungia. Kisa hicho kinastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wafanyakazi wa kampuni changa hulipitia kila wiki: suluhisho rahisi lipo, lakini anayeliona ni yule ambaye magoti yake yanauma, na kampuni hufaidika tu ikiwa ana nafasi ya kusema na kusikilizwa. Mahali pa namna hiyo kijana aliyeajiriwa kama mfungaji wa vifurushi anaweza kujikuta msimamizi wa zamu kabla mwaka haujaisha, akajifunza hesabu za ghala, mikataba na uongozi wa watu kwa haraka ambayo ofisi kongwe haiwezi kumpa. Bei ya nafasi hiyo ni kwamba majukumu hayana mipaka, msimamizi mwenyewe ni mgeni, na hakuna mtu wa zamani wa kuulizwa.

Malengo, yaani idadi ya oda, wauzaji wapya au simu ambazo kila mtu anatakiwa kuzifikisha kwa siku au kwa mwezi, ndiyo chombo kikuu cha kuwaongoza watu wengi walioajiriwa kwa haraka. Chombo hicho kina hatari yake. Agosti 2019 Jumia, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2012 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, iliwaeleza wawekezaji wake kwamba baadhi ya oda zilizoingizwa, zikiwamo zilizopitia kwa mawakala wake wa mauzo, hazikuwa halali na zilifutwa baadaye, na kwamba zilikuwa zimevimbisha hesabu ya mauzo. Pale ambapo oda huhesabiwa inapoingia, si inapofika mkononi mwa mteja, watu watabuni oda, na mfanyakazi mwaminifu ataonekana mzembe mbele ya jirani yake.

Umbali kati ya oda iliyoingia na oda iliyofika hauonekani vizuri popote kama unavyoonekana katika njia ya Simiyu. Huduma za fedha kwa simu kama M-Pesa zipo Tanzania tangu mwaka 2008, kwa hiyo njia ya kulipa kabla ipo, lakini wanunuzi wengi wa mbali hupendelea kulipa wakipokea, na wana sababu nzuri, maana kurasa za matapeli wanaopokea fedha na kutoweka si jambo la kusimuliwa tu. Kwa kampuni, upendeleo huo una maana kwamba oda si mauzo mpaka mpokeaji aridhike na kutoa fedha, na kwamba kifurushi kisichopokelewa hulipiwa nauli mara mbili, ya kwenda na ya kurudi, huku bidhaa ikiwa haipo ghalani kwa ajili ya mnunuzi mwingine. Hapo ndipo kazi ya mpokea simu inapoacha kuwa kazi ndogo. Kabla mzigo haujaondoka humpigia mteja kuhakikisha kwamba aliagiza kweli, kwamba bado anahitaji na kwamba atakuwapo. Naye hukuta simu imezimwa kwa sababu inachajiwa dukani, au inapokelewa na ndugu ambaye namba yake iliazimwa, au mteja ni mtu mzima wa Itilima ambaye jambo lake lingeeleweka haraka zaidi kwa Kisukuma. Kampuni inayompa nafasi hiyo mtu anayejua Kisukuma na jiografia ya mkoa hupata faida ambayo programu ya kompyuta haiwezi kuileta, ingawa mara nyingi ujuzi huo hauandikwi popote katika mkataba wake wala katika mshahara.

Anwani ni tatizo la pili. Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi nchini kote, lakini katika maisha ya kila siku mpokeaji bado huelekeza kwa alama, kama vile nyuma ya mashine ya kusaga au mkabala na kanisa, na dereva wa bodaboda ndiye mwenye ramani kichwani. Wauzaji wadogo wa Kariakoo wanaouza kwa Instagram na WhatsApp walilitatua jambo hili bila mtaji mkubwa: mteja hulipa kwanza, mzigo hupelekwa katika ofisi ya basi linalokwenda Bariadi, muuzaji hutuma picha ya risiti, na mteja huenda stendi kuuchukua. Basi la abiria ndilo kampuni ya usafirishaji, na uaminifu hujengwa kwa mteja mmoja baada ya mwingine. Kampuni kubwa huahidi zaidi ya hapo, yaani kufikisha hadi mlangoni na malipo baada ya kupokea, na ahadi hiyo ndiyo inayoila. Kwa mfano wa hesabu tu, sufuria ya shilingi 20,000 inayotozwa kamisheni ya asilimia 10 huiachia kampuni shilingi 2,000, na ikiwa usafiri wake unagharimu shilingi 5,000 ambazo mteja hatozwi, kila sufuria inayouzwa Simiyu ni hasara, na kuuza sufuria nyingi zaidi ni kuiongeza hasara hiyo.

Mfanyakazi wa ngazi ya chini haonyeshwi hesabu hiyo mara nyingi, ilhali ndiyo inayoamua kama ajira yake itadumu. Kampuni inayokua kwa kasi hulipa mishahara kwa fedha za wawekezaji, ambao huvumilia hasara wakitumaini kwamba wingi wa wateja utaleta faida siku za mbele, na uvumilivu wao una mwisho. Jumia iliorodheshwa katika soko la hisa la New York Aprili 2019 ikiwa na hasara iliyojikusanya ya zaidi ya Euro milioni 800, na tarehe 27 Novemba mwaka huohuo ikasitisha biashara yake ya mtandaoni Tanzania, siku chache baada ya kufanya hivyo Kamerun. Nchini Kenya, kampuni ya Copia ilichagua njia ya busara zaidi ya kuwafikia watu wa vijijini, kwa kumfanya mwenye duka la mtaani kuwa wakala ambaye huwaagizia jirani zake, hupokea mizigo yao kwa pamoja na hulipwa kamisheni, hivyo gari moja likashusha oda nyingi mahali pamoja. Mpango huo unafanana sana na unachohitaji mkoa kama Simiyu, lakini Copia nayo ilikosa mtaji mpya na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kilichokosekana hakikuwa bidii ya wafungaji wa vifurushi.

Kuna pia kalenda, ambayo watu wa makao makuu huisahau kwa urahisi. Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamoja na kwamba wapo wafugaji, watumishi na wafanyabiashara wenye mapato ya mwaka mzima, fedha nyingi za kaya huonekana wakati wa kuuza pamba, kuanzia katikati ya mwaka, ndipo baiskeli, mabati, simu na nguo hununuliwa. Kampeni kubwa za punguzo za maduka ya mtandaoni huandaliwa Novemba, kwa kufuata desturi ya Marekani, wakati mkulima wa Bariadi yuko shambani anapanda na fedha yake imekwenda kwenye pembejeo. Mfanyakazi anayepewa lengo moja la mauzo kwa Novemba na Julai anapimwa kwa kipimo kisichojua mvua, na ni haki yake kulisema hilo kikaoni.

Kuhusu haki nyingine za mfanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nchini Tanzania inaweka mipaka ambayo kasi ya biashara haiiondoi: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida wala hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao kabla. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo mtu aliyeitumikia kampuni changa miaka miwili huweza kuondoka na malipo ya siku 14, kiasi kidogo mno kwa aliyekesha ghalani msimu baada ya msimu, na ndiyo sababu inafaa ajiwekee akiba yake mapema na kuhakikisha michango yake ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) inafika.

Walio katika hali ngumu zaidi ni mawakala na waendesha bodaboda, ambao kwa kawaida huandikiwa mikataba inayowaita watoa huduma huru, bila likizo wala bima ya ajali. Hata hivyo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haiishii kwenye jina lililoandikwa katika mkataba, kwani humdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mwendesha bodaboda wa Bariadi anayepangiwa vifurushi kila asubuhi na duka moja anaweza kuutumia msingi huo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mradi awe na ushahidi wa siku na saa alizofanya kazi. Na kwa kuwa kumbukumbu hizo hukaa katika mfumo wa kampuni, ambao hufungwa siku ambayo kampuni inafungwa, ni vema atunze nakala zake za ujumbe wa kupangiwa kazi, risiti za mabasi na miamala ya malipo tangu wiki ya kwanza.