Nani wa Kuligusa Jino Hili?

Mvuvi wa Msimbati aliyekesha na gego bovu haulizi habari za shahada. Anauliza kama sindano ya ganzi ipo. Jino likimzidi, atapanda gari hadi Mtwara mjini, penye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na, huko Mitengo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023. Akishakaa kitini na kupanua kinywa, shahada inaanza kuwa na maana: huyu aliyeshika koleo anaruhusiwa kufika wapi?

Tabibu wa meno, mwenye stashahada, hung'oa, huziba na kusafisha. Daktari wa meno amesoma miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi kazini. Masomo hayo yalianza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979 na sasa yako Muhimbili. Bingwa huongeza miaka mingine katika tawi moja, kama upasuaji wa kinywa na taya au meno ya watoto.

Wengi hudhani kutibu mzizi wa jino ni kazi ya bingwa peke yake. Sivyo. Daktari wa kawaida amefundishwa hilo, pamoja na meno ya bandia na upasuaji mdogo. Asichoweza ni kujiita bingwa bila kusajiliwa hivyo na Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017.

Je, bingwa naye anaweza kushuka? Huko Arkansas, Marekani, bingwa wa kunyoosha meno aitwaye Ben Burris alianza kusafisha meno kwa bei nafuu. Bodi ya jimbo ikamkumbusha kwamba sheria inamfunga ndani ya ubingwa wake, naye mwaka 2014 akaenda mahakamani. Kwa Mtwara, sheria ya namna hiyo ingekuwa anasa tupu: bingwa wa taya akikataa kung'oa gego la kawaida, foleni itaishia wapi?

Kupanda ndiko kwenye hatari. Ameloblastoma, uvimbe wa taya, huota taratibu, mara nyingi bila maumivu, na ukikwanguliwa juujuu hurudi. Unahitaji picha, kipande cha nyama kupimwa maabara, na mkono uliozoea taya. Usaha wa gego la chini nao ukishuka shingoni waweza kuziba njia ya hewa. Hapo daktari wa kawaida anayeandika rufaa mapema amefanya kazi yake barabara, hata kama safari itaishia Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara.

Upungufu wa wataalamu uliwahi kuzaa jambo kubwa hapahapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuziba tundu kwa saruji inayoshikamana na jino. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mbinu hiyo mwaka 1994. Haimhitaji bingwa: tabibu aliyefunzwa vizuri anaweza kuifanya darasani Madimba, mkoani Mtwara, mtoto akiwa amelala juu ya dawati.