Fahamu: Mshahara wako unatosha nyumba ya bei gani?

Anza na pesa zinazoingia mkononi baada ya makato, si mshahara ulioandikwa kwenye barua ya kazi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote yapite theluthi mbili ya mshahara. Huo ni ukomo wa sheria tu. Familia inayosomesha watoto na kutunza wazee itaumia kabla ya kuufikia. Kwa maoni yangu, malipo ya kila mwezi ya mkopo wa nyumba yasizidi theluthi moja ya pesa zinazoingia mkononi.

Tuseme unapokea shilingi 90,000. Tenga 30,000 kila mwezi kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 9, utamudu mkopo wa takriban milioni 3.3. Ikiwa asilimia 14, mkopo unashuka hadi milioni 2.4, na mshahara ni ule ule! Kwa hiyo uliza mapema kama riba inaweza kupandishwa njiani, na kama benki inatoa mikopo ya nyumba inayofadhiliwa kupitia KMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, kwani riba ya mikopo hiyo huwa nafuu.

Ili kupata bei ya nyumba, jumlisha mkopo huo na akiba yako ya malipo ya awali, ila usiimalize yote hapo. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, na bado hujamlipa wakili wala mthamini.