Mbwa Anapotafuna Miguu Yake

Mbwa hana mkono wa kujikunia. Panapomwasha ubavuni hutumia mguu wa nyuma. Panapomwasha katikati ya vidole hana chombo kingine isipokuwa meno. Katika kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, ambako miwa hupandwa hadi karibu na nyumba, na mbwa hufuatana na watu shambani mchana kisha hulinda mazao dhidi ya nguruwe pori usiku, miguu ya mnyama huyu hukutana na kila kilichomo ardhini. Mwenye mbwa humwona amelala uani akijitafuna, humkemea, naye huacha kwa kitambo kisha hurudia.

Kwa haki yake, jambo hili ni la daktari wa mifugo. Hata hivyo linawahusu wahudumu wa afya na wagonjwa kwa njia mbili. Kwanza, vingi vinavyomla mbwa miguu humla pia mtoto anayecheza katika vumbi lile lile. Pili, mkono unaoinua mguu wa mbwa ili kutazama kinachomsumbua huwa karibu mno na mdomo wake, na mtu aliyeumwa akimhudumia mbwa wake mwenyewe mara nyingi hajihesabu kuwa ameumwa na mbwa. Huosha damu, hufunga kitambaa, hurudi kazini.

Cha kwanza cha kutafutwa ni funza, ambaye wengi humwita tekenya. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akasafiri katika nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika upande wa Bahari ya Hindi. Jike hupenya ngozi laini, hubakiza nje ncha ya mwili wake tu, ambayo kwayo hupumua na kutoa mayai. Ndani ya wiki moja au mbili huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Hutaga mayai kwa mamia, kisha hufia humo humo, wiki nne hadi sita tangu alipoingia. Mayai huanguka katika vumbi, na baada ya wiki chache kizazi kipya huwa tayari kurukia mguu wa kwanza utakaopita.

Kwa mbwa, funza hukaa pembezoni mwa nyayo, katikati ya vidole na kandokando ya kucha. Mnyama hutafuna, hupasua uvimbe, hubaki na vidonda vinavyoingia uchafu, naye huanza kuchechemea. Mbwa ni hifadhi ya funza sawa na nguruwe na panya. Kwa hiyo mama anayemtoa mwanawe funza kila Jumamosi, huku mbwa wa nyumba akiachwa na miguu iliyojaa, anapunguza maumivu ya wiki moja tu. Mhudumu anayempokea mtoto mwenye funza zahanati na asiulize habari za mbwa, nguruwe na sakafu ya nyumba, ameuliza nusu ya maswali. Papo hapo ni vyema aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa kidonda cha funza ni mlango wa ugonjwa huo, na kuhusu sindano au pini inayotumiwa, kwani pini moja kupita miguu ya watoto wanne huweza kuhamisha maambukizi ya damu. Mafuta ya dimetikoni yanayomziba funza pumzi yamejaribiwa nchini Kenya, yakaonekana kufanya kazi vizuri zaidi kuliko kulowesha miguu katika maji ya pamanganeti. Yakipatikana, yanaondoa haja ya kuchokoa.

Funza akikosekana, vidole vipanuliwe vitazamwe tena. Kupe hupenda kujificha kati ya kidole na kidole, ambako ulimi wa mbwa haumng'oi. Viroboto huacha vumbi jeusi manyoyani, ambalo likiwekwa juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu hugeuka wekundu, kwa kuwa ni damu iliyokwisha kumeng'enywa. Vijidudu vya upele hunyonyoa manyoya na kuufanya mguu uwe mnene, wenye magamba. Aina mojawapo humhamia binadamu ikamwasha mikononi na tumboni kwa siku kadhaa. Na katika ardhi yenye unyevu na kinyesi cha mbwa, viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya nyayo za mnyama vikazifanya ziwe nyekundu na zenye kuwasha. Viluwiluwi hivyo vikiingia mguu wa mtu hupotea njia, vikatambaa chini ya ngozi na kuacha mchirizi uliopindapinda, ambao wagonjwa wengi hupakwa dawa ya fangasi kwa wiki nyingi bila nafuu.

Shamba la miwa lina yake pia. Jani la muwa hukata kama wembe, kisiki kilichokatwa karibu na ardhi huchoma unyayo, na miwa ikichomwa moto kabla ya kuvunwa, jivu huweza kuficha makaa kwa muda. Mbwa anayetafuna mguu mmoja tu, tena mahali pamoja, aliyeanza ghafla baada ya kutoka shambani, mara nyingi ana kijiti, mwiba au mbegu ya nyasi yenye ncha iliyozama. Anayetafuna miguu yote minne kwa wiki nyingi ana tatizo la ngozi nzima. Kati ya hayo imo mizio ya chakula, ya vumbi au ya mate ya viroboto, na wako mbwa wanaofungiwa bandani tangu asubuhi hadi jioni, wakajitafuna kwa kukosa la kufanya. Manyoya meupe yakigeuka rangi ya kutu ni alama ya mate, ushahidi kwamba kulamba huko kuna siku nyingi.

Tiba hufuata kilichoonekana. Mguu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu unaobaki hukaribisha fangasi. Kupe akamatwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja, asiminywe kwa vidole vitupu. Dawa za viroboto, kupe, upele na minyoo zitolewe na mtaalamu wa mifugo kwa uzito wa mbwa. Hapa pana mazoea yanayostahili kukemewa waziwazi: kumpaka mbwa oili chafu, mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Kinachopakwa mguuni mwa mbwa huishia tumboni mwake, maana atakilamba. Na mtoto anayemkumbatia hukipata vilevile. Sindano ya ng'ombe inayochomwa kwa mbwa kwa kubahatisha kipimo imewahi kuua mbwa ambao ugonjwa wao haukuwa wa kuua.

Kisha palipo chanzo patengenezwe. Mbwa awe na mahali pake pa kulala, mbali na mkeka wa watoto. Matandiko yake yafuliwe na kuanikwa juani. Kinyesi kizolewe na kufukiwa. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, kwa sababu funza na viroboto hustawi katika vumbi kavu lililotulia. Saruji hushinda yote hayo, ila bei yake haiko mikononi mwa kila mwenye nyumba, na si haki kumhubiria mtu saruji kana kwamba hajawahi kuifikiria.

Lipo jambo moja ambalo ni lazima lifikiriwe kabla mguu haujashikwa. Kichaa cha mbwa huingia mwilini kwa kuumwa, na virusi vyake husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, kwa kawaida kwa wiki kadhaa hadi miezi. Binadamu anayeanza kuugua huweza kuhisi ganzi, kuwashwa au kuchomachoma mahali alipoumwa, hata kama kidonda kilipona zamani. Mbwa naye huweza kupatwa na hali hiyo hiyo, na kwa kuwa mbwa wanaopigana huumana miguuni, hutokea akarudia kuguguna kovu la zamani kwa ukali usio wa kawaida, pengine hadi nyama. Mbwa mwenye funza hujitafuna, lakini akiitwa huja, na akipewa chakula hula. Mwenye kichaa hubadilika tabia: mkali huwa mpole kupita kiasi au mpole hugeuka mkali, sauti hubadilika, mate humtoka, huyumba, huuma mti na jiwe, taya hulegea. Taya iliyolegea imewaponza watu wenye huruma, wakadhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani. Mbwa wa namna hiyo asiguswe na asifunguliwe. Afisa mifugo wa kata aitwe.

Hata mbwa asiye na dalili hizo, kama hana chanjo, asikaguliwe na mtoto, na mdomo wake ufungwe kwa ukanda wa kitambaa kwa dakika chache za ukaguzi, maadamu anapumua vyema. Anayeumwa, hata na mbwa wake mwenyewe, hata kwa kosa la kumbana kidole kinachouma, aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pilipili, ugoro na majivu visiwekwe. Mhudumu asifanye haraka kushona jeraha. Chanjo ianzishwe bila kungoja matokeo ya kumtazama mbwa, na jeraha lililopenya ngozi huhitaji pia kingamwili zinazodungwa kuzunguka jeraha. Ujauzito si kizuizi cha chanjo. Mate ya mbwa yakigusa ngozi nzima hayana hatari; yakigusa mpasuko wa kisigino au kidonda cha funza kwenye mguu wa mtoto, hilo huhesabiwa kuwa tukio kubwa kama lilivyo jeraha la meno. Habari hiyo mgonjwa hataitoa asipoulizwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa kiliua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya uhakika. Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisaidia kampeni za kuchanja mbwa katika eneo la kusini mashariki mwa nchi, Morogoro ikiwamo, na katika kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ulitoweka, ukaingia tena, ukahitaji kampeni mpya ili uondolewe. Kipimo kinachokubalika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu bila kinga. Siku ya chanjo inapotangazwa katani, mbwa mwenye vidonda miguuni apelekwe vilevile, na mtaalamu atamtazama miguu akiwa hapo hapo.

Mbwa aliyemuuma mtu, kama ni mzima na ana mwenyewe, afungwe na kutazamwa kwa siku 10, wala asiuawe kwa hasira. Akibaki mzima siku ya 10, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki. Akifa au akipotea kabla ya hapo, chanjo ziendelee hadi mwisho. Mzoga usichunwe wala usitupwe mtoni au kwenye miwa, bali afisa mifugo aarifiwe ili sampuli ya ubongo ipelekwe maabara.