Mtoto Anaposema, "Mimi Siamini"

Mama mwenzangu, Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono akasema, "Dada, nina mtoto hai, lakini moyo wangu uko matangani." Kifungua mimba wake alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu na kutamka mezani kwamba haamini kuna Mungu. Baba yake alimfukuza usiku ule ule. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila hata simu.

Kabla ya kumshauri, nilimsimulia kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku wodini. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa apasuliwe asubuhi. Nilisimama kando ya kitanda chake, nikafumba macho na kuomba kwa sauti bila kumuuliza. Niliposema "Amina", alinitazama akasema kwa upole, "Sista, mimi siamini hayo. Ungeniuliza, ningekuambia kwamba naogopa. Kaa nami kidogo."

Niliona haya. Nilikuwa nimesema mengi bila kumsikiliza mgonjwa wangu. Nikavuta kiti, tukazungumza habari za wajukuu wake mpaka akasinzia. Tangu siku hiyo nauliza kwanza: "Ungependa tuombe, au nikae nawe tu?" Anayekataa hupata dawa ile ile na huruma ile ile. Kumwombea nyumbani kwangu, kimya kimya, hakuna anayenizuia.

Watu hawa hawako mbali nasi. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, zaidi ya watu 700,000 walihesabiwa kuwa hawana dini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na imani, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake.

Basi mama afanye nini nyumbani?

Kwanza, sikiliza. Usikimbilie kusema ni bangi au marafiki wabaya. Huenda ameumizwa na msiba, au na unafiki wetu waumini, au amefikiri tu akafika hapo.

Pili, usifanye chakula wala karo kuwa fimbo. Anayesali ili alipiwe karo amejifunza kudanganya, hajajifunza kuamini.

Tatu, usimtangaze kikundini kama haja ya maombi bila idhini yake. Siri ya mtoto ni amana.

Nne, heshima iwe ya pande mbili. Tukishukuru kwa chakula, yeye atulie bila kudhihaki. Nasi tusimlazimishe aongoze sala.

Kumbuka Tomaso. Alikataa kuamini, lakini siku nane baadaye wenzake walikuwa naye bado nyumbani. Hawakumfungia mlango.

Yule mama alipiga simu jioni ile ile. Hakuhubiri. Aliuliza tu, "Mwanangu, umekula?" Kijana alinyamaza, kisha akalia.

Jumamosi alirudi. Baba hakusema mengi, ila alimsogezea kiti. Hadi leo kijana haamini, na mama hajaacha kumwombea. Lakini wanakula meza moja, na baada ya chakula kijana huosha vyombo huku mama akipanguza, wakizungumza.

Je, mama, mlango wako uko wazi?