Dawa Inayotiwa Katika Nyama ya Mkebe

Ukifungua mkebe wa nyama utaona nyama ni nyekundu, ijapokuwa imekwisha kupikwa. Nyama uliyopika nyumbani hugeuka rangi ya udongo. Kwa nini ile haigeuki? Kwa sababu imetiwa chumvi ya namna nyingine, jina lake nitriti. Tazama karatasi ya mkebe. Mara nyingi imeandikwa E250.

Chumvi hii haikutiwa kwa ajili ya rangi tu. Yuko mdudu mdogo sana akaaye udongoni, naye hupenda mahali pasipo hewa, kama ndani ya mkebe au sosisi. Humo hutoa sumu kali. Mtu akiila huona vitu viwili viwili, kope zake huanguka, hawezi kumeza, na mwisho hawezi kuvuta pumzi. Moto wa kiwanda huua mdudu huyu, na nitriti humzuia asiongezeke. Watu husema nyama ya mkebe haiozi. Huoza! Mkebe ukivimba, usionje hata kidogo, wala usimpe mbwa. Uzike.

Lakini nitriti ikizidi ni sumu pia. Mwaka 1944, mjini New York, wanaume 11 waligeuka rangi ya buluu baada ya kula, kwa sababu nitriti ilitumiwa jikoni kama chumvi ya kawaida. Damu yao haikuweza kuchukua hewa vema. Mmoja akafa. Nitriti iliyo katika mkebe ni kidogo, haimdhuru mtu mzima hivyo. Lakini damu ya mtoto mchanga ni dhaifu. Usimpe nyama hii.

Kuna hatari nyingine, nayo huja polepole. Tumboni, au katika mafuta ya moto sana, nitriti hushikana na vitu vya nyama na kuwa sumu iletayo kansa. Mwaka 2015 waganga wa Shirika la Afya la Ulimwengu walitangaza kwamba kula gramu 50 za nyama ya namna hii kila siku, kadiri ya sosisi moja, huongeza hatari ya kansa ya utumbo mkubwa kwa 18 katika 100. Maana yake si kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Mahali ambapo wangeugua 100, wataugua 118. Nyama iliyokaushwa kwa moshi imo pia katika hesabu hiyo.

Basi, kula nyama ya mkebe siku moja moja, si kila siku. Maharagwe na samaki wabichi ni bora. Mwenye ugonjwa wa tansio aiache, kwa kuwa ina chumvi nyingi. Usiikaange mpaka iwe nyeusi. Na mkebe uliokwisha kufunguliwa, umalize siku ile ile.