Manifodi ya ekzosi ikipasuka, usikimbilie kuchomelea

Na Mwandishi Wetu

MLIO wa tik-tik unaosikika injini inapowashwa asubuhi, kisha ukafifia baada ya dakika chache, ni dalili ambayo wamiliki wengi wa magari ya michezo ya miaka ya nyuma jijini Dar es Salaam huipuuza. Mara nyingi husingiziwa valvu au oili. Hata hivyo, chanzo chake kinaweza kuwa ufa kwenye manifodi ya ekzosi, na madhara ya ufa huo hayaishii kwenye kelele, bali hufika hadi kwenye mapafu ya dereva na abiria wake.

Manifodi ya ekzosi ni kile chuma kizito chenye matawi kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kazi yake ni kupokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuukusanya katika bomba moja, ambalo huupeleka kwenye sailensa na hatimaye nje, nyuma ya gari. Katika magari mengi ya zamani kifaa hicho hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Injini inapofanya kazi kwa nguvu, moshi unaopita humo huweza kufikia nyuzi joto 800 za Selsiasi na zaidi.

Chuma kinachopata joto la namna hiyo hutanuka, na gari linapozimwa hunywea. Jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara katika maisha ya gari, hadi chuma kinachoka na kupasuka, aghalabu pale matawi yanapokutana. Magari yenye turbo, kama vile Toyota Celica GT-Four na Subaru Impreza WRX, yamo katika hatari zaidi, kwani joto lake ni kubwa na manifodi hubeba pia uzito wa turbo yenyewe.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam ipo sababu nyingine, nayo ni maji. Bonde la Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro hukatiza Mto Msimbazi, kwa miaka mingi limekuwa likifurika wakati wa masika. Gari la michezo liko chini, na dereva aliyetoka mbio na injini ya moto akaingia kwenye maji ya namna hiyo humwagia chuma chekundu maji baridi. Matokeo yake hayahitaji maelezo marefu.

Magari haya hayatatoweka barabarani hivi karibuni. Wakati Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, Tanzania huyaruhusu na kuyatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Aidha, mapenzi ya watu kwa magari hayo yana historia: Toyota Celica ilishinda mashindano ya Safari Rally mara 8 kati ya mwaka 1984 na 1995, na wapo waliokuwa watoto wakati huo ambao leo wanamiliki gari la jina hilo.

Wapo pia vijana wanaoufurahia mlio wa ufa wakidhani ni nguvu ya injini. Si nguvu. Ni moshi unaotoka mahali usipotakiwa, tena karibu kabisa na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria.

Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Katika foleni ya Mwenge au ya Barabara ya Kilwa, gari likiwa limesimama na feni ya kiyoyozi ikivuta hewa kutoka upande wa injini, dereva anaweza kudhani amechoshwa na jua. Anayepatwa na dalili hizo akiwa garini na kupona akishuka anapaswa kulitilia shaka gari lake kabla ya kununua dawa za kichwa.

Hasara nyingine ni ya mafuta. Gari la kisasa kiasi huwa na sensa ya oksijeni inayopima moshi na kuijulisha kompyuta kiasi cha petroli kinachohitajika. Ufa ulio kabla ya sensa huruhusu hewa ya nje kuingia, sensa ikadanganyika kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta ikaongeza. Mwenye gari hubaki akilaumu kituo cha mafuta.

Kuutambua ufa hakuhitaji mitambo ya gharama. Fundi hufungua bati la kuzuia joto injini ikiwa ya baridi na kutafuta alama nyeusi za masizi. Njia ya uhakika zaidi ni ile ya mafundi pancha: hewa ya kompresa hupulizwa kwa kiasi kidogo kupitia mdomo wa ekzosi, kisha maji ya sabuni humwagwa kwenye manifodi. Povu likichemka, ufa umepatikana. Ikumbukwe kwamba mlio hupotea injini ikipata moto kwa sababu chuma kikitanuka huuziba ufa kwa muda, hivyo ukaguzi wa mchana baada ya safari ndefu unaweza usione kitu.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuchomelea, jibu la haraka katika gereji nyingi za pembezoni, kuanzia Tegeta hadi Mbagala. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana ni kigumu lakini hakipindi. Kikichomelewa kwa fimbo za kawaida, sehemu ndogo hupata moto mkali huku jirani yake ikiwa baridi, na kinapopoa kwa haraka hupasuka tena pembeni mwa weldi. Inawezekana kukichomelea, ila kwa kukipasha moto kifaa chote kwanza, kutumia fimbo zenye nikeli, kisha kukifukia katika mchanga mkavu au majivu ili kipoe polepole. Fundi asiyefanya hivyo anauza siku chache za ukimya.

Kwa hiyo kubadilisha ndiyo njia bora. Manifodi mpya za magari ya zamani ni adimu, na wengi hutegemea zilizotumika, ambazo hutafutwa Kariakoo na Ilala au kuagizwa kutoka Japani na Sharjah. Mnunuzi aende na ile ya zamani mkononi, alinganishe matundu, kisha aigonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Aidha, uso wake upimwe kwa rula ya chuma. Ukiwa umepinda, usawazishwe kwenye mashine kabla ya kufungwa, la sivyo gasketi mpya itaungua.

Kazi ngumu kuliko zote ni kufungua boliti. Katika maeneo ya pwani kama Kunduchi na Mbezi Beach, hewa ya chumvi huongeza kutu, na boliti ikikatikia ndani ya silinda hedi kazi ya saa chache huwa ya siku kadhaa. Fundi makini hupulizia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, hupasha nati moto kwa gesi baada ya mafuta hayo kufutwa, na hulegeza kidogo kidogo, mbele na nyuma, bila kuongeza bomba refu kwenye spana. Boliti ikikatika, itobolewe katikati kwa drili, kwani silinda hedi nyingi ni za aluminiamu na uzi wake huharibika upesi.

Wakati wa kufunga, gasketi na nati ziwe mpya. Nati hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana yenye kipimo na kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Bati la kuzuia joto, ambalo baadhi ya gereji hulitupa, lirudishwe, kwa kuwa ndilo linalolinda nyaya na mipira iliyo karibu.

Injini ikiwashwa kwa mara ya kwanza itatoa moshi mwepesi wa mafuta yaliyomwagikia chuma, ambao huisha kwa muda mfupi. Baada ya siku chache za kuendesha, gari lirudishwe kwa fundi likiwa limelala usiku kucha, ili nati zikaguliwe kama zimelegea.