Wales: Jina peke yake halimfichui babu kaburini

MTU anayetafuta kaburi la babu wa babu yake nchini Wales hukwama tangu hatua ya kwanza, nayo ni jina. Akina John Jones na William Davies ni wengi mno katika madaftari ya karne ya 19, na huweza kutokea wawili au watatu waliofariki wilaya moja, mwaka mmoja. Anayekimbilia cheti cha kwanza anachokiona huenda akamlilia babu wa watu wengine, na kila jina atakaloliongeza juu ya hilo litakuwa la ukoo usio wake.

Chanzo ni mila ya kale. Kwa karne nyingi watu wa Wales hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, yakiunganishwa na neno "ap" au "ab", lenye maana ileile ya "bin" kwa Waswahili. Rhys ap Hywel alikuwa Rhys bin Hywel. Mila hiyo ilipofifia, "ap Hywel" likageuka Powell, "ap Rhys" likawa Price na "ab Owen" likawa Bowen. Wengi zaidi walichukua tu jina la baba, na kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, majina ya ukoo nayo yakawa machache. Katika baadhi ya vijiji mila ya zamani ilidumu hadi karne ya 19, hivyo baba na mwana huonekana daftarini na majina tofauti ya mwisho. Asiyelijua hilo hudhani ukoo umekatika.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza Julai 1, 1837. Cheti cha kifo hutaja tarehe na mahali, umri, kazi, sababu ya kifo na mtu aliyetoa taarifa. Kwa mtu mzima wa karne ya 19, hakitaji wazazi. Ndiyo maana husomwa pamoja na cheti cha ndoa, kinachotaja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi. Akina mama waliongezwa mwaka 2021 tu. Mtoa taarifa naye asipuuzwe, maana mara nyingi ni mwana, binti au jirani wa marehemu.

Kabla ya mwaka 1837 tegemeo kubwa ni madaftari ya kanisa, yaliyoamriwa mwaka 1538, ingawa mengi ya awali huko Wales yamepotea. Kuanzia mwaka 1813 sheria ilitaka mazishi yaandikwe katika kitabu chenye nafasi ya jina, umri na makazi ya marehemu. Hapo kwenye makazi ndipo penye hazina, kwa sababu kasisi mara nyingi aliandika jina la shamba au nyumba. John Jones wa Pen-y-bryn, yaani wa kileleni mwa kilima, si yule wa bondeni.

Jina hilohilo la nyumba mara nyingi huchongwa kwenye jiwe la kaburi. Asiyejua Kiwelisi anaweza kuanza na maneno machache: "er cof am" ni kwa kumbukumbu ya, "bu farw" ni alifariki, "gwraig" ni mke, "mab" ni mwana na "merch" ni binti. Jiwe huweza pia kutaja watoto waliozaliwa na kufa kati ya sensa mbili, ambao sensa haikuwaona kamwe.

Mtafutaji asishangae ubatizo ukiwa kwenye kanisa moja na mazishi kwenye jingine. Katikati ya karne ya 19 waumini wengi wa Wales walisali katika madhehebu yaliyojitenga na Anglikana, kama Wabatisti na Wamethodisti, lakini wengi walizikwa katika makaburi ya Kanisa la Anglikana. Sheria ya mwaka 1880 ndiyo iliyoruhusu wazikwe humo kwa ibada ya wahubiri wao wenyewe.

Jina la nyumba likishapatikana, hutafutwa katika sensa. Ile ya mwaka 1851 hueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa. Ile ya mwaka 1841 haielezi hayo, na umri wa watu wazima kwa kawaida ulipunguzwa hadi kwenye tano iliyo karibu. Sensa ya mwaka 1931 haitafutwi, kwani iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Baada ya hapo ndipo inapofaa kulipia cheti. Fahirisi ya serikali kwenye intaneti hutafutwa bure, na inaonyesha umri wa marehemu tangu mwaka 1837. Wosia wa kabla ya mwaka 1858 uko katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth, nao husomeka bure kwenye intaneti. Mkulima aliyegawa ng'ombe na vyombo vyake aliwataja wanawe mmoja mmoja kwa majina, na mara nyingine shamba alilowaachia.